Pikipiki ya safari ni kama kanzu: hukatwa kwa kipimo cha mvaaji

Dubai ina maduka ya pikipiki kubwa za kila aina na karakana za kuzipamba. Hata hivyo, mpandaji anayetaka kuvuka jangwa na kurudi salama hana budi kujiuliza maswali ambayo aghalabu muuzaji hamuulizi.

Msikilizaji mpenzi, kila ifikapo mwezi wa Oktoba, joto la Ghuba linapoanza kupungua, barabara zinazotoka Dubai hupata uhai mpya. Kabla ya jua kuchomoza, katika vituo vya mafuta vilivyo kando ya njia ya kuelekea Hatta, hukusanyika wapanda pikipiki wa mataifa mbalimbali. Hunywa chai ya maziwa, hukagua upepo wa tairi, kisha huondoka kwa msafara kuiwahi milima ya Hajar kabla jua halijawa kali. Hadi mwisho wa mwaka 2021 misafara hiyo ilikuwa zaidi ya siku ya Ijumaa. Tangu Januari 2022, Umoja wa Falme za Kiarabu ulipohamishia mapumziko ya juma Jumamosi na Jumapili pamoja na nusu ya Ijumaa, na misafara nayo imehama.

Pikipiki wanazozipanda ni zile za safari ndefu, yaani zilizoundwa kumbeba mtu mmoja au wawili, pamoja na mizigo yao, kwa mamia ya kilomita bila ya kuwachosha. Swali linalowasumbua wengi wanaotaka kujiunga na misafara hiyo ni moja: mtu anunue ipi, na akishainunua aibadilishe kwa kiasi gani ili imfae yeye mwenyewe? Kwa juu juu, swali hili ni la starehe. Kwa undani wake ni swali la usalama, kwa sababu chombo kisichomfaa mpandaji humchosha, uchovu humwondolea umakini, na barabara ya jangwani haina msamaha kwa aliyepoteza umakini.

Chukua mfano wa kufikirika, msikilizaji. Mhasibu mmoja kutoka Mombasa amefanya kazi Dubai miaka 12. Ana umri wa miaka 40 na ushei, kimo chake ni futi tano na inchi sita, uzito wake kilo 80. Amedunduliza fedha, amepata leseni ya pikipiki, na azma yake ni kwenda Maskati pamoja na mkewe kuwatembelea jamaa. Mji huo uko umbali wa takriban kilomita 450 kutoka Dubai, na si mgeni kwa Mswahili: maelfu ya watu wenye asili ya Oman walihamia huko kutoka Zanzibar na pwani ya Afrika Mashariki baada ya mapinduzi ya mwaka 1964, hususan kuanzia mwaka 1970 Sultan Qaboos alipotwaa madaraka. Hadi leo, katika nyumba nyingi za Maskati, mgeni hukaribishwa kwa Kiswahili.

Mhasibu huyo anaingia madukani na kukutana na koo tatu za pikipiki. Wa kwanza ni ukoo wa Kimarekani, Harley-Davidson, wenye injini ya silinda mbili zilizopangwa kama herufi V. Kiti chake kiko chini, mpandaji huketi kama aliye barazani, na mngurumo wake hujulikana kabla chombo chenyewe hakijaonekana. Wa pili ni wa Kijapani, Honda Gold Wing, wenye silinda sita zilizolala, tatu kila upande. Toleo lake lililoanza mwaka 2018, likiwa na masanduku yake yote, lina uzito wa karibu kilo 380, na lina gia ya kurudi nyuma kwa nguvu ya mota. Wa tatu ni wa Kijerumani, BMW wa jamii ya GS, pikipiki ndefu ya miguu, inayopita kwenye lami na kwenye changarawe pia. Huyu wa tatu alijulikana mno duniani pale waigizaji Ewan McGregor na Charley Boorman walipompanda katika safari zilizoonyeshwa kwenye televisheni: ya mwaka 2004 kutoka London hadi New York kwa kupitia Asia, na ya mwaka 2007 kutoka Scotland hadi Afrika Kusini, wakipita Kenya, Uganda na Tanzania.

Hapo ndipo mtego wa kwanza ulipo. Mhasibu, kama walivyo wengi, anavutwa na picha iliyomo kichwani mwake: yeye peke yake, vumbi nyuma yake, machweo mbele yake. Lakini safari anayokusudia ni ya lami mwanzo hadi mwisho, na ana abiria. Wahenga walisema, avumaye baharini papa, kumbe wengi wapo. Pikipiki yenye sifa kuu si lazima iwe ndiyo inayofaa kwa njia ya mtu huyu. Jambo la kwanza, basi, ni kuandika kwenye karatasi safari ambazo kwa kweli atazifanya katika mwaka mmoja: mara ngapi Hatta, mara ngapi Jebel Hafeet kule Al Ain, yenye barabara ya kilomita zipatazo 12 iliyojaa kona, mara ngapi Jebel Jais kule Ras Al Khaimah, mlima mrefu kuliko yote nchini humo, na mara ngapi atatoka nje ya lami. Iwapo jibu la swali hilo la mwisho ni sifuri, kulipia uwezo wa kupita jangwani ni kununua jahazi kwa ajili ya kuvuka kidimbwi.

Jambo la pili ni mwili. BMW R 1250 GS, iliyotangazwa mwaka 2018 na kurithiwa na R 1300 GS mwaka 2023, ina kiti cha kawaida chenye kimo cha milimita 850 au 870. Kiti cha Gold Wing kina milimita 745. Tofauti hiyo ya zaidi ya sentimita 10 ni ndogo kwa kusikia, lakini kwa mtu wa futi tano na inchi sita ndiyo tofauti kati ya kukanyaga chini kwa nyayo zote mbili na kugusa kwa ncha za vidole. Pikipiki nyingi kubwa haziangushwi na mwendo wa kasi. Huanguka zikiwa zimesimama au zikigeuzwa polepole: mbele ya geti, kwenye kituo cha mafuta, mahali penye mteremko ambapo mguu umetafuta ardhi na kuikosa. Kwa upande mwingine, kiti cha chini si kila kitu, kwani Gold Wing ikilala, kilo zake 380 hazinyanyuliwi kwa nguvu ya mikono. Mnunuzi mwenye busara huomba aonyeshwe namna ya kuinyanyua kwa kuipa mgongo na kusukuma kwa miguu, tena hujaribu mwenyewe kabla hajalipa.

Jambo la tatu ni joto, nalo huko Ghuba halina mzaha. Katika miezi ya kiangazi kipimajoto cha Dubai hupita digrii 40 mara kwa mara. Injini inayopozwa kwa hewa peke yake huhitaji mwendo ili ipoe, na katika msongamano wa Barabara ya Sheikh Zayed mwendo huo haupo, kwa hiyo moto hupanda kwenye mapaja ya mpandaji. Ndiyo sababu Harley-Davidson, kuanzia matoleo ya mwaka 2014, iliongeza upozaji wa maji kwenye vichwa vya silinda vya baadhi ya pikipiki zake kubwa za safari. Kuna pia jambo ambalo wageni wa jangwa hawalijui. Hewa ikiwa na joto kupita ngozi ya mwanadamu, ambayo ni kadiri ya digrii 35, upepo hauipozi tena ngozi kavu, bali huipasha moto kama upepo utokao tanurini. Mpandaji aliyefungua koti lake apate hewa hukaushwa jasho kabla halijampoza vya kutosha, na maji humwishia mwilini pasipo yeye kutambua. Kizibao cha kulowesha maji humsaidia bara, ambako hewa ni kavu. Pwani, penye unyevu mwingi, msaada wake ni mdogo. Dawa iliyo bora kuliko zote haiuzwi dukani: ni kuondoka alfajiri, na kuiacha miezi ya joto kali ipite.

Jambo la nne ni vumbi na mchanga. Pikipiki inayoendeshwa kwa cheni hudai kusafishwa na kulainishwa kila mara, kwani mchanga ukichanganyika na mafuta ya cheni huwa kama msasa. R 1250 GS na Gold Wing hutumia shafti iliyofunikwa, na pikipiki kubwa za Harley hutumia mkanda. Hata hivyo, chujio la hewa halina mbadala: hukaguliwa baada ya kila dhoruba ya mchanga, si baada ya kilomita zilizoandikwa kitabuni peke yake.

Kwa anayenunua pikipiki iliyokwisha kutumika, Dubai ina neema na hila kwa pamoja. Neema ni kwamba wageni huhama, na wanapohama huuza vyombo vilivyotembea kidogo. Hila ni kwamba chombo kilichotembea kidogo kinaweza kuwa kimekaa sana. Tairi iliyoegeshwa viangazi vitano ndani ya gereji yenye joto huwa ngumu na hupoteza mshiko, ijapokuwa mistari yake bado mirefu. Ubavuni mwa kila tairi kuna tarakimu nne za tarehe: 2319, kwa mfano, maana yake ni juma la 23 la mwaka 2019. Kuzisoma tarakimu hizo ni kazi ya nusu dakika, na huenda ikaokoa maisha ya watu wawili.

Baada ya hayo yote, bado kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kuizungusha pikipiki mara moja kwenye uwanja wa duka hakutoshi. Heri mtu aikodishe aina anayoitaka kwa siku nzima, aende nayo hadi Hatta na kurudi, takriban kilomita 130 kwa kila upande. Na kama atasafiri na mwenzake, mwenzake huyo naye apande. Wanunuzi wengi huwasahau abiria, ilhali abiria hukalia kiti kidogo kuliko cha dereva, hana usukani wa kushika, na ndiye anayetupwa huku na huku kila breki inaposhikwa.

Msikilizaji mpenzi, tuseme uchaguzi umefanyika. Sasa linakuja suala la kukirekebisha chombo, na hapa historia ina funzo. Honda ilipoitoa Gold Wing ya kwanza mwaka 1975, pikipiki hiyo haikuwa na ngao ya upepo wala masanduku. Wapandaji wa Marekani waliipenda injini yake, lakini walichoshwa na upepo. Wengi wakainunulia ngao iitwayo Windjammer, iliyobuniwa na Mmarekani Craig Vetter, na wakafunga masanduku ya mafundi mbalimbali. Miaka mitano baadaye, yaani 1980, Honda yenyewe ilitoa Gold Wing yenye ngao na masanduku kutoka kiwandani. Kwa maneno mengine, kiwanda kilifuata nyayo za wateja wake. Marekebisho yale hayakuzaliwa na tamaa ya urembo; yalizaliwa na shingo zilizouma.

Msikilizaji wa Afrika Mashariki hana haja ya kufundishwa jambo hilo. Atazame bodaboda iliyo karibu naye, iwe Kisumu, Mwanza au Kampala. Ilitoka dukani kama pikipiki ya kawaida, lakini mwenyewe ameirefusha kiti, ameiwekea vyuma vya kukinga miguu, ameifunga keria imara nyuma, na pengine mwavuli juu. Kila kilichoongezwa kina sababu: abiria, gunia, mvua au mtaro. Bodaboda imekatwa kwa kipimo cha kazi yake, kama kanzu inavyokatwa na fundi mbele ya mvaaji.

Katika karakana za mtaa wa Al Quoz, Dubai, mambo aghalabu huanza kinyume. Mteja huulizwa rangi, kisha ekzosi, kisha vipande vya kung'aa. Wajuzi wa safari ndefu hushauri kuanza mahali ambapo mwili unagusana na chombo, napo ni patatu: makalio, mikono na miguu. Kiti kikiwa laini mno humdanganya mpandaji kwa nusu saa, kisha huzama na kumkalisha juu ya mfupa. Kiti kizuri ni kipana, kigumu kiasi, chenye umbo la mwenyewe. Mhasibu wa mfano huu, iwapo ataamua kuchukua GS, anaweza kupata kiti cha chini kutoka kiwandani kwake kinachoshusha kimo. Usukani ukisogezwa nyuma kidogo, mabega hushuka na viganja huacha kufa ganzi. Kioo cha mbele nacho hupimwa kwa kimo cha kichwa: kilicho kifupi kwa nusu kipimo hurusha upepo moja kwa moja kwenye kofia ngumu, na kelele zake kwa saa nne huchosha kama kazi ya shamba.

Baada ya hapo zinafuata shokapu. Pikipiki hutoka kiwandani ikiwa imetegewa mtu ambaye kiwanda hakijawahi kumwona. Fundi mzuri humketisha mwenye pikipiki akiwa amevaa mavazi yake yote, hupima jinsi chombo kinavyozama, na hulenga kizame takriban theluthi moja ya nafasi yote ya shokapu. Kikizama zaidi, taa humulika angani na breki ya mbele hupoteza ubora wake. Gharama ya kipimo hicho ni ndogo mno ikilinganishwa na ya ekzosi moja, nacho hubadilisha tabia ya pikipiki kuliko pambo lolote.

Mizigo nayo ina hesabu yake, na hesabu hiyo wengi hawaifanyi. R 1250 GS ina uzito wa kilo 249 ikiwa na mafuta, na kiwanda kinaruhusu jumla ya kilo 465. Tofauti ni kilo 216. Mhasibu ana kilo 80, mkewe tuseme 70. Mavazi na kofia za wote wawili ni kama kilo 18, na masanduku matatu yakiwa matupu ni kama kilo 15. Zimebaki kilo 33 kwa nguo, maji, vifaa na zawadi za jamaa wa Maskati. Wala pikipiki iliyo nzito zaidi si lazima iwe inaruhusiwa kubeba zaidi. Jawabu la kweli limo katika kitabu chake. Kinachozidi huelemea tairi, breki na fremu, na huko barabarani hakuna anayekiona mpaka kona inapokuwa imekwisha kuanza.

Na sheria je? Kanuni za trafiki za shirikisho za mwaka 2017 ziliweka faini ya dirhamu 2,000 na nukta nyeusi 12 kwa chombo chenye kelele za kukera. Anayebadilisha injini au fremu bila ya kibali aliwekewa faini ya dirhamu 1,000, nukta 12, na chombo chake kuzuiliwa siku 30. Uzito wa adhabu hiyo unaonekana pale mtu anapokumbuka kwamba nukta 24 humpotezea dereva leseni. Dubai nayo, kwa amri nambari 30 ya mwaka 2023, iliweka dirhamu 10,000 kuwa gharama ya kukikomboa chombo kilichokamatwa kwa kufanyiwa marekebisho ya kuzidisha kasi au kelele. Kampuni ya bima inaweza pia kukataa kulipa iwapo chombo kilichoanguka sicho kilichoelezwa kwenye karatasi. Kwa hiyo utaratibu wa busara ni kuuliza kwanza, kupata kibali, kuijulisha bima, na kuvihifadhi vipuri vya asili, kwani siku ya kuuza mnunuzi huvitafuta. Na anayevuka mpaka wa Oman ahakikishe ana mulkiya, yaani kadi ya umiliki, pamoja na bima inayotambuliwa upande wa pili.

Mhasibu wa Mombasa, baada ya kuyapima hayo, huenda akatoka dukani na chombo ambacho hakukiota. Karatasi yake inasema lami, watu wawili, kilomita 450, miguu isiyo mirefu. Huenda mkewe, baada ya kuketi nyuma siku nzima kwenye pikipiki mbili tofauti, ndiye atakayeamua, naye ana haki, kwa sababu mgongo utakaouma ni wake. Ikiwa ni Gold Wing ya miaka kadhaa iliyotunzwa vizuri, basi akiba iliyobaki haitakwenda kwenye vipande vya kung'aa, bali kwenye tairi mpya, shokapu zilizopimwa, kiti cha mkewe, makoti mawili mazuri na siku chache za mafunzo ya kuliendesha dude zito kwa mwendo mdogo. Mtu mwingine, mrefu, asiye na abiria, anayependa njia za changarawe za mabonde ya Hajar, atafikia uamuzi mwingine kwa maswali yale yale, na wote wawili watakuwa wamepatia.

Asiyejiuliza maswali hayo huinunua pikipiki ya mtu mwingine, yule aliyemwona kwenye televisheni au yule aliyemsikia akinguruma usiku. Ataipanda mara tatu, itamchosha, ataifunika turubai, na baada ya viangazi viwili ataiuza ikiwa na kilomita chache na tairi zilizokauka. Jumamosi ya kwanza yenye ubaridi, alfajiri, msafara utapita njia ya Hatta bila yeye, ilhali mwenye kanzu iliyokatwa kwa kipimo chake yuko katikati yake, amekanyaga ardhi kwa nyayo mbili, akisubiri taa igeuke kijani.